Kuunganisha Programu ya Taarifa za Bidhaa na Mifumo Mingine ya Biashara: Mwongozo Kamili kwa Muuzaji wa Vifaa vya Ujenzi

Duka la jumla la vifaa vya ujenzi lenye bidhaa elfu nne au tano huwa limeandika taarifa za bidhaa hizo mahali pasipopungua panne: katika mfumo wa uhasibu, katika kompyuta za kaunta, katika tovuti ya mauzo, na katika faili la Excel la mtu wa manunuzi, ambalo aghalabu ndilo sahihi kuliko yote. Mwenye duka anaponunua programu ya kusimamia taarifa za bidhaa, hutarajia kwamba vurugu hiyo itakwisha. Haitakwisha kwa kununua programu peke yake, na ikiunganishwa vibaya, programu hiyo itageuka kuwa mahali pa tano pa kuhifadhi makosa yaleyale.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja: muuzaji wa jumla nchini Kenya mwenye ghala moja na maduka matatu, anayetumia mfumo wa uhasibu na stoo kama Odoo au ERPNext, tovuti ya WooCommerce, programu ya bidhaa kama Akeneo au Pimcore, na ambaye ankara zake hupelekwa KRA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Kenya, kupitia eTIMS, mfumo wake wa ankara za kielektroniki. Aliye Tanzania ataweka taratibu za TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) za risiti za EFD, yaani mashine za kielektroniki za kodi, mahali pa eTIMS, na kiwango cha kawaida cha VAT cha asilimia 18 mahali pa asilimia 16. Kazi nyingine ni ileile. Mwenye kiwanda chenye michoro ya wahandisi na orodha za vipuri vya kila chombo ana kazi ya ziada ambayo sitaigusa hapa, ingawa hatua mbili za kwanza zinamhusu kama zinavyomhusu mwenye duka.

Hatua ya 1: Kila taarifa ipewe mwenyewe mmoja

Kabla ya kumwita fundi yeyote, kaa na mhasibu, mkuu wa stoo na mtu wa tovuti katika meza moja, mkiwa na karatasi yenye safu mbili. Upande wa kushoto andikeni kila sehemu ya taarifa ya bidhaa: jina, maelezo, picha, uzito, ukubwa, kipimo cha kuuzia, msimbo pau (barcode), gharama, bei, salio la stoo, aina ya kodi. Upande wa kulia andikeni mfumo mmoja tu, yaani ule ambao mtu akitaka kubadilisha taarifa hiyo sharti aingie humo. Mifumo mingine yote itapokea nakala, na sehemu hiyo ifungwe ili isihaririwe humo.

Jina, maelezo, picha na vipimo vya umbo vinakaa vizuri katika programu ya bidhaa. Gharama ya ununuzi na salio la stoo ni mali ya mfumo wa uhasibu, na ushauri wangu ni kwamba salio lisiingizwe kabisa katika programu ya bidhaa, kwa kuwa hubadilika kila dakika na halimsaidii mtu anayeandika maelezo ya rangi ya ukutani. Lipelekwe moja kwa moja kutoka uhasibu hadi tovuti. Aina ya kodi ni ya mhasibu. Bei ndiyo itakayoleta ubishi, kwa sababu mtu wa tovuti ataitaka kwake. Mimi huiacha katika mfumo wa uhasibu, kwa kuwa bei ya jumla hutegemea mteja na idadi, na mfumo huo ndio unaowajua wateja.

Mtu akipendekeza kwamba sehemu fulani ihaririwe pande zote mbili na mifumo isawazishane yenyewe, kataa. Mfumo wa kwanza utabadilisha jina na kulituma. Wa pili utalipokea, utaliona kuwa ni badiliko jipya, kisha utalirudisha. Na mwangwi huo utaendelea hadi mtu azime mmojawapo. Mbaya zaidi ni pale watu wawili wanapohariri kwa wakati mmoja, kwani wa mwisho hushinda na wa kwanza hatajua kwamba kazi yake imefutwa.

Hatua ya 2: Kitambulisho ambacho hakitabadilika

Mifumo miwili haiwezi kuongea kuhusu bidhaa moja isipokuwa yote inaiita kwa namba moja. Jina halifai, kwa sababu bidhaa ileile, mathalani kiungio cha kona cha bomba, huandikwa "elbo 3/4 PVC" hapa na "PVC elbo robo tatu" pale. Msimbo pau nao haufai kuwa ufunguo mkuu, ingawa wengi hukimbilia huo. Kwanza, bidhaa nyingi za karakana ndogo hazina msimbo. Pili, msimbo pau hutambulisha kifungashio na si bidhaa peke yake: kipande kimoja huwa na namba ya tarakimu 13, na katoni ya vipande hivyohivyo huweza kuwa na namba yake ya tarakimu 14 inayoanza na tarakimu kati ya 1 na 8. Tatu, mtengenezaji anaweza kuibadilisha bila kukuuliza.

Tengeneza, basi, msimbo wako wa ndani, mfupi na usio na maana yoyote, kwa mfano VU-004127. Herufi za mwanzo huzuia Excel kufuta sifuri zinazofuata. Usitie ukubwa, rangi au jina la msambazaji ndani ya msimbo, kwa sababu siku msambazaji akibadilika utabaki na msimbo unaosema uongo. Epuka pia herufi E katikati ya tarakimu: msimbo kama 12E4 Excel huusoma kuwa 120,000.

Kwa bidhaa zisizo na msimbo pau, unaruhusiwa kuchapa wa kwako ukitumia namba zinazoanza na 20 hadi 29, ambazo zimetengwa kwa matumizi ya ndani ya biashara na hazitagongana na za wengine maadamu haziondoki dukani kwako. Ukitaka kuuza kupitia maduka mengine, jisajili na GS1, shirika la kimataifa linalotoa namba za misimbo pau. Namba zinazotolewa Kenya huanza na 616, na za Tanzania 620. Namba hizo za mwanzo huonyesha mahali ambapo kampuni ilijisajili, si lazima mahali bidhaa ilipotengenezwa.

Tarakimu ya mwisho ya msimbo pau ni ya ukaguzi, na kila fundi anayeunganisha mifumo anapaswa kujua kuikokotoa kwa mkono. Chukua tarakimu 12 za 200000001374. Jumlisha zilizo katika nafasi ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11: 2+0+0+0+1+7, ni 10. Jumlisha zilizo katika nafasi ya 2, 4, 6, 8, 10 na 12: 0+0+0+0+3+4, ni 7, zidisha mara 3, upate 21. Jumla ni 31. Kinachokosekana kufikia 40 ni 9, kwa hiyo msimbo kamili ni 2000000013749. Weka ukaguzi huu mlangoni mwa programu ya bidhaa, ili namba iliyokosewa na kidole ikataliwe pale inapoandikwa, badala ya kugunduliwa kaunta mbele ya mteja.

Hatua ya 3: Vipimo, ambako fedha hupotea

Hapa sitaharakisha, kwa sababu hasara kubwa niliyowahi kuishuhudia katika kazi hii ilitokana na neno "katoni". Chukua elbo ya PVC ya robo tatu. Kiwandani hutoka katika katoni yenye mifuko 10, kila mfuko una vipande 50. Mtu wa manunuzi huagiza kwa katoni, stoo huhesabu mifuko, kaunta huuza kipande kimojakimoja, na tovuti huuza mfuko. Tulipounganisha mifumo ya duka moja lililofanya hivyo kwa mara ya kwanza, tulisafirisha bei na tukasahau kusafirisha kipimo chake. Tovuti ikaonyesha katoni kwa bei ya mfuko, na wateja wawili walikuwa wameshalipa kabla ya saa nne asubuhi. Kosa lilikuwa letu, na tuliheshimu bei ile.

Chagua kipimo cha msingi kwa kila bidhaa, yaani kile kidogo kuliko vyote unachokubali kuuza, na salio lote lihesabiwe kwa hicho. Kwa elbo ni kipande. Kwa misumari ni kilo. Kwa waya ni mita. Kisha kila kifungashio kielezwe kwa kipimo cha msingi ndani ya rekodi ya bidhaa yenyewe: mfuko ni 50, katoni ni 500. Usitegemee jedwali la jumla linalosema katoni moja ni vipande kadhaa, kwa maana katoni ya elbo na katoni ya bawaba hazilingani. Bei nayo isisafiri hata mara moja bila kuandamana na kipimo chake katika ujumbe uleule.

Hakiki vipimo kwa macho, ghalani, kwa kufungua kifungashio. Roli ya waya iliyoandikwa yadi 100 ina mita 91.44, na duka lililoiingiza kama mita 100 litaonekana kila mwezi kama linaibiwa waya. Kwa bati, geji iandikwe kama sifa inayochaguliwa kutoka orodha, isiwe namba ya kupangwa kwa ukubwa, kwa sababu geji 32 ni nyembamba kuliko geji 28, na mteja anayechuja "kuanzia ndogo" hatapata anachokitafuta.

Mifumo inapotumana vipimo, tumia misimbo ya kimataifa badala ya maneno: KGM kwa kilo, MTR kwa mita, LTR kwa lita, H87 kwa kipande. Maneno "pc", "pcs", "kipande" na "Pcs." kwa kompyuta ni vitu vinne tofauti.

Hatua ya 4: Kusafisha kabla ya kuhamisha

Data za zamani zitatoka kwenye Excel, na Excel ina tabia ya kusaidia pale isipoombwa. Ukubwa wa bomba ulioandikwa 3/4 hugeuzwa tarehe, 3 Aprili au 4 Machi kulingana na mipangilio ya kompyuta. Msimbo pau 2000000013749 unaofunguliwa kutoka faili la CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu, huonekana kama 2E+12, na mtu akibonyeza kuhifadhi, hicho ndicho kitakachobaki ndani ya faili. Namba yenye zaidi ya tarakimu 15 hupoteza zile za mwisho na kuwekewa sifuri. Dawa ni moja: usifungue CSV kwa kuibonyeza mara mbili. Iingize kupitia menyu ya data huku ukitangaza safu zote kuwa maandishi, au tumia LibreOffice Calc, ambayo huuliza aina ya kila safu kabla ya kufungua. Hifadhi kwa UTF-8, mfumo wa kuandika herufi ambao programu nyingi huuelewa.

Kisha tafuta bidhaa zilizoandikwa mara mbili, kazi ambayo kompyuta huianza na binadamu huimaliza. Panga kwa kundi, kisha kwa ukubwa, na umketishe mtu wa stoo pembeni yako. Yeye ndiye atakayekwambia, "Bosi, mteja akisema elbo bila neno jingine, hiyo ni ya nusu inchi," na maneno hayo yaandike katika sehemu ya majina mbadala, kwa kuwa ndiyo yatakayotafutwa kwenye tovuti. Bidhaa ambazo hazijauzwa kwa muda mrefu zisihamishwe katika awamu ya kwanza.

Hatua ya 5: Ulinganifu wa sehemu na sehemu za kodi

Tengeneza jedwali linaloonyesha, kwa kila sehemu, jina lake katika kila mfumo, aina yake, urefu wake wa juu kabisa, kama ni ya lazima, na kanuni ya kuibadilisha njiani. Andika pia kitakachotokea ikiwa tupu, kwa maana "tupu" inaweza kumaanisha "usibadilishe" kwa mfumo mmoja na "futa" kwa mwingine. Nimewahi kuona maelezo ya kundi zima la rangi yakitoweka kwenye tovuti kwa tofauti hiyo tu.

Upande wa kodi unahitaji uangalifu wa namna nyingine. Katika eTIMS, kila bidhaa husajiliwa kabla ya kuingia kwenye ankara, ikiwa na msimbo wa uainishaji unaotokana na UNSPSC, mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa na huduma, kipimo cha ufungashaji, kipimo cha idadi na herufi ya aina ya kodi. Herufi B ndiyo ya asilimia 16. Msimbo wa bidhaa unaosajiliwa hujengwa kwa nchi ya asili, aina ya bidhaa na vipimo hivyo viwili, kisha namba ya mfuatano. Sasa msomaji anaona kwa nini hatua ya vipimo ilitangulia: anayesajili kwa katoni kisha akaamua kuuza kwa kipande atalazimika kusajili upya.

Uhusiano na eTIMS utoke katika mfumo unaotoa ankara, si katika programu ya bidhaa. Programu ya bidhaa ionyeshe taarifa za kodi bila kuruhusu mtu kuzigusa. Mhasibu aziweke kwa kundi zima mara moja, bidhaa zirithi, na zile chache zinazotofautiana zishughulikiwe mojamoja. Kwa bidhaa unazoagiza mwenyewe kutoka nje, ongeza namba ya forodha: tarakimu 6 za mwanzo ni za dunia nzima, na jedwali la Ushuru wa Pamoja wa Afrika Mashariki lina tarakimu 8. Mabomba ya plastiki na viungio vyake yamo chini ya 3917, rangi za maji chini ya 3209, misumari ya chuma chini ya 7317. Tarakimu zinazofuata mwachie wakala wako wa forodha.

Hatua ya 6: Kuchagua njia ya kupitisha data

Njia ni tatu, na si lazima utumie moja kwa kila kitu. Faili linalotumwa usiku kwenye seva ni njia ya kizamani inayofanya kazi vizuri kwa majina, maelezo na picha, ambavyo havina haraka. API, yaani mlango ambao programu moja huulizia au kuandikia nyingine, inafaa kwa salio na bei. Njia ya tatu ni taarifa ya papo hapo, ambapo mfumo wenyewe humgutusha mwenzake mara oda inapoingia.

Idadi haina haja ya kukutisha. WooCommerce hupokea hadi bidhaa 100 katika ombi moja la pamoja, kwa hiyo bidhaa 5,000 ni maombi 50. Tuma zilizobadilika tu tangu mara ya mwisho, na uache muda kidogo kati ya ombi na ombi.

Mpangilio wa kutuma una maana. Yatangulie makundi, zifuate sifa, kisha bidhaa mama, kisha matoleo yake ya ukubwa na rangi, halafu picha. Bei na ruhusa ya kuonekana hadharani viwe vya mwisho kabisa, ili mteja asikutane na bidhaa isiyo na picha au yenye bei ya sifuri.

Usiunganishe kila mfumo na kila mwingine. Mifumo minne iliyofungamana yote kwa yote ina viungo sita, na kila kimoja huvunjika kwa siku yake. Weka programu ya kati yenye foleni, ambayo hupokea ujumbe, huubadilisha kulingana na jedwali la hatua ya 5 na kuufikisha. Kila kiungo kiwe na akaunti yake na ruhusa zinazokitosha tu, na funguo za siri zisitumwe kwenye kundi la WhatsApp, jambo ambalo ningeona haya kuliandika kama nisingeliona mara kwa mara.

Hatua ya 7: Kujiandaa kwa kukatika

Intaneti itakatika, umeme nao utakatika. Ujumbe utafika, lakini jibu la kuthibitisha litapotelea njiani, na mtumaji atatuma tena akidhani haukufika. Kwa sababu hiyo kila ujumbe uandikwe kwa namna ambayo ukipokewa mara mbili hauzai bidhaa mbili: mpokeaji atafute kwanza msimbo wa ndani, akiukuta arekebishe, asipoukuta ndipo aunde.

Tofautisha makosa ya aina mbili. Jibu la 429, linalosema umetuma kwa haraka mno, na yale ya 500 na kuendelea, yanayosema seva imeshindwa, hujaribiwa tena baada ya muda unaorefuka: dakika moja, mbili, nne, nane. Jibu la 400 linasema ujumbe wenyewe ni mbovu, na kuurudia mara mia hakuutengenezi. Upelekwe kwenye orodha ya kushughulikiwa na mtu. Mtu huyo atajwe kwa cheo chake, na aisome orodha kila asubuhi kabla maduka hayajafunguliwa.

Taarifa za papo hapo za WooCommerce hujizima zenyewe baada ya kushindwa mara tano mfululizo, na huzimika kimyakimya. Kukatika kwa seva usiku mmoja kunatosha. Ndiyo maana kila usiku panahitajika ulinganisho kamili: idadi ya bidhaa hai kila upande, kisha bei na kipimo cha kila moja, na tofauti zote ziandikwe katika ripoti fupi.

Bidhaa isifutwe kamwe. Yenye historia ya mauzo haipaswi kutoweka katika uhasibu, na ikifutwa upande mmoja huonekana kama mpya upande wa pili. Ipewe hali ya "imestaafishwa", na hali hiyo ndiyo isafiri.

Hatua ya 8: Majaribio na siku ya kuwasha

Anza na kundi moja tu, kwa mfano mabomba ya PVC, katika mazingira ya majaribio. KRA inayo ya kwake kwa ajili ya eTIMS, na tovuti yako iwe na nakala isiyoonekana hadharani. Chagua bidhaa 30, na usichague zile safi. Chukua yenye jina refu kupita kiasi, isiyo na msimbo pau, inayouzwa kwa vipimo vitatu, yenye alama ya inchi ndani ya jina, iliyosamehewa kodi, na moja iliyostaafishwa. Zipitishe njia yote hadi risiti itoke, kisha uende kaunta na kusoma msimbo pau kwa mashine, ukiwa na kifungashio halisi mkononi.

Endesha mfumo wa zamani na mpya sambamba kwa wiki mbili. Siku ya kuwasha isiwe mwisho wa mwezi wala karibu na tarehe ya kuwasilisha VAT; Jumanne asubuhi inafaa, kwa kuwa una siku tatu za kazi za kurekebisha kabla ya wikendi. Nakala ya akiba ichukuliwe usiku wa kuamkia siku hiyo, na iwe imeshajaribiwa kurejeshwa, maana nakala isiyowahi kurejeshwa haijulikani kama ni nzima.

Siku hiyohiyo faili la Excel la mtu wa manunuzi lifungwe, liweze kusomwa tu. Ukilikuta jipya kwenye kompyuta yake baada ya miezi miwili, usimkaripie. Muulize ni safu gani ameiongeza, kisha uiongeze katika programu ya bidhaa na umwonyeshe ilipo.